Cheti cha Ndoa Kilichobaki Kibondo

Afisa mikopo alikuwa binti mdogo kuliko nilivyotarajia, mpole wa sauti, na alitumia kalamu ya kijani. Orodha ya nyaraka ilikuwa mezani kati yetu. Kila mume wangu alipochomoa karatasi kwenye bahasha, binti aliisoma yote, kisha akatia alama ya vema. Barua ya mwajiri ilikuwepo. Slipu zangu za mshahara wa ualimu zilikuwepo, na hatimiliki ya kiwanja chetu kilicho upande wa chuo cha ualimu hapa Kasulu, na kibali cha ujenzi, na ramani, na makadirio ya fundi yenye muhuri. Tulikuwa tumehangaikia karatasi hizo kwa miezi mingi, moja moja, kama mtu anayeokota kuni za kutosha moto mmoja. Mume wangu alikuwa amezipanga kufuata namba za orodha ili asikosolewe.

Tulipofika kwenye cheti cha ndoa, nilitoa nakala tuliyowahi kuitumia kwa bima ya afya. Ilikuwa imefifia hadi mistari ya chini haisomeki. Binti aliishika kuelekea dirishani.

"Mwalimu, hii ni kivuli tu," alisema. "Mkopo wa nyumba lazima mwenza atoe idhini, na mimi lazima nione cheti chenyewe. Halisi iko wapi?"

"Iko nyumbani," nikamjibu.

Mume wangu aligeuka akanitazama kidogo, halafu akainamisha kichwa kuficha tabasamu. Alijua kwamba nyumbani niliyoitaja haikuwa vile vyumba viwili tulivyopanga hapa Kasulu na watoto wetu. Ilikuwa nyumba ya mwanamke mmoja mjini Kibondo, nyuma ya soko, ambako tulikuwa tumeondoka miaka mingi iliyopita. Binti alituambia tulete wiki inayofuata. Tulipotoka nje, mume wangu aliniuliza kama nilikuwa nimesikia nilichosema. Nikamwambia nimesikia.

Nilipangiwa kazi Kibondo mwaka ule ambao kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilifunguliwa upya. Nilikuwa nimetoka Korogwe, sijawahi kufika magharibi ya nchi hata siku moja, na nilishuka kwenye basi na godoro, begi moja na sweta la shule la mdogo wangu wa kiume, maana baba aliambiwa na mtu kwamba huku kuna baridi. Vyumba vilikuwa havipatikani. Wafanyakazi wa mashirika walikuwa wamejaa kila nyumba yenye bati, na wenye nyumba walikuwa wakiwachagua wao kwanza, kwa sababu walilipa vizuri kuliko walimu. Mwalimu mwenzangu alinipeleka kwa mama mmoja mjane. Alisema huyo huwa hachagui.

Mama alinitazama kuanzia miguuni. Akasema jambo kwa Kiha ambalo sikulielewa, kisha akarudia kwa Kiswahili chake cha taratibu: "Huyu hajui kuwasha jiko." Akanipa chumba cha kona, kile kinachopata jua la asubuhi.

Na kweli sikujua. Nyumbani kwetu tulipika kwa mafuta ya taa na kuni kavu. Jiko la mkaa wenye umande lilinishinda wiki nzima, nikala maandazi ya sokoni, hadi Mama alipokuja na magunzi ya mahindi akachuchumaa mlangoni pangu na kunionyesha namna ya kuyapanga. Baada ya hapo alinifundisha ugali wa muhogo, akacheka nilivyousonga. Alinifundisha salamu ya asubuhi, "Mwakeye," na jinsi ya kuinama kidogo wakati wa kuisema. Mungu hakumjalia mtoto. Hakuwahi kuniambia hilo mwenyewe. Niliambiwa na majirani. Alikuwa na shamba la maharage na mihogo nje ya mji, kuku, na vyumba sita vya kupangisha, na alijua habari za kila mpangaji, hadi jina la mama yake.

Mume wangu alikuja pale akiwa seremala. Mama alimwita atengeneze milango, kwa kuwa mchwa walikuwa wamekula fremu zote. Alikuwa kijana wa Makere, mtoto wa wazazi waliokuja zamani kutoka Burundi na kupata uraia hapa, na Kiha chake na Kirundi chake vilichanganyika hata Mama akawa anamtania kwamba hajui anaongea na nani. Alitengeneza milango mitano kwa siku nne. Mlango wangu, ule wa sita, ulichukua wiki mbili. Kila jioni nikirudi shule nilimkuta ameushusha tena, anaukwangua upande mmoja, anaupima, anatikisa kichwa. Siku moja Mama alisimama uani akamwambia kwamba mlango huo haujawahi kuwa na tatizo tangu mwanzo, kwa hiyo aseme anachotaka au akatafute kazi kwingine. Kijana akasema ananitaka mimi.

Kilichofuata hakikuwa chepesi. Mimi ni Mwislamu, yeye ni Mkristo, na kila mmoja wetu alikuwa na wazazi waliokuwa wamemwekea mtu mwingine akilini. Baba yangu hakukataa. Aliacha tu kupokea simu. Mama mkwe, ambaye sasa ndiye anayelea watoto wangu kila likizo, siku hizo alilia na kusema mwanawe amepotea. Tukaamua kufunga ndoa bomani. Huko utaratibu ni kwamba tangazo linabandikwa ubaoni siku ishirini na moja, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Mama alipita pale karibu kila siku akienda shambani, ingawa haikuwa njia yake. Hakujua kusoma. Aliutambua muhuri na rangi ya karatasi, na akirudi alinipa taarifa kwamba bado ipo, haijachanwa wala kunyeshewa.

Siku yenyewe tulikuwa watu wanne: sisi wawili, mwalimu mwenzangu, na Mama akiwa na kitenge kipya na viatu vilivyombana. Alikuwa shahidi wa upande wangu. Afisa alimuuliza yeye ni nani kwa bibi harusi. Mama alifikiri kidogo.

"Nimempangisha chumba," akasema.

Afisa akangoja kama kuna la ziada, akaona hakuna, akaandika. Kisha akamsogezea kidau cha wino, na Mama akabonyeza dole gumba chini ya sahihi zetu, kwa nguvu, akilishikilia muda mrefu kiasi kwamba afisa ilibidi amwambie inatosha. Tulirudi nyumbani kwake akatupikia wali na kuku. Nakumbuka dole lake lilikuwa bado na wino alipokuwa akigawa chakula, na nilipomwambia nimletee sabuni, alisema litatoka lenyewe.

Tuliishi kwake miaka minne. Mtoto wetu wa kwanza alijifunza kutembea kwenye ua ule, akishika kamba ya kuanikia. Uhamisho wangu wa kuja Kasulu ulikuja ghafla, na chumba tulichopata huku kilikuwa na mchwa hadi kwenye sakafu. Mama akasema vyeti vyangu vya kazi nivichukue, lakini hicho cha ndoa nikiache kwenye sanduku lake la bati mpaka tupate pa kukaa vizuri. Nikakiacha. Wakati wa kuagana nilimkumbatia nikamwambia, "Tutarudi, Mama." Nilisema hivyo kama kila mtu anavyosema akiondoka mahali alipopendwa.

Mwanzoni tulikwenda kumwona kila likizo. Baadaye mtoto wa pili alizaliwa, mume wangu akafungua karakana, na safari zikapungua zikabaki simu za Jumapili. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka miwili bila kukanyaga kwake siku tulipopanda gari kwenda kukitafuta kile cheti. Ilikuwa Jumamosi. Watoto tuliwateremsha kwa bibi yao Makere, tukaendelea. Mume wangu alikuwa amekaa dirishani akitazama mashamba ya mihogo na mafundi wa matofali waliokuwa wakichoma tanuri kando ya barabara, na kila tulipopita mahali tulipowahi kukwama siku za matope aliniambia, "Unakumbuka hapa?" Nilikumbuka kote. Sasa kuna lami sehemu kubwa, na tulifika mapema mno, kabla sijajiandaa.

Ua ulikuwa umefagiliwa lakini ulikuwa kimya. Zamani saa kama ile kungekuwa na redio tatu zinashindana na vijana wa mashirika wanafua suruali zao za mifuko mingi. Kambi ya Mtendeli ilifungwa, mashirika yakapunguza watu, na vyumba vya Mama vikabaki na wapangaji wawili. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, anachambua maharage kwa vidole, maana macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Nilimsalimia kwa Kiha. Aliinua uso kabla sijamaliza.

"Ego, mwana wanje," akasema, ndiyo, mwanangu, kama anayemwitikia mtu aliyekuwa ametoka kidogo kwenda kisimani.

Tulikaa sebuleni. Tulikuwa tumekubaliana njiani kwamba tusiombe cheti kabla ya kula, isije ikaonekana ndicho kilichotuleta, ingawa ndicho kilichotuleta. Lakini sikuwa nimekaa sawasawa nilipokiona. Kilikuwa ukutani, juu ya kiti chake, ndani ya fremu yenye kioo. Mume wangu naye alikuwa amekiona, na macho yake ya useremala yalikuwa kwenye fremu. Baadaye aliniambia kwamba ule ulikuwa mti wa mninga, mabaki aliyoyaacha chini ya mapaa alipomaliza ile milango, na kwamba aliyeikata hakujua kuunga kona.

Mama alihisi tunatazama. Aliinuka, akapapasa kioo hadi upande wa chini kulia.

"Huyu ni mimi," alisema, kidole kikiwa juu ya alama ya dole lake. "Wageni wakija nawaonyesha. Nawaambia hawa ni watoto wangu, siku hiyo nilikuwepo."

Tulikula ugali na samaki wa migebuka, tukamweleza habari za watoto. Ni mume wangu aliyeanza, baada ya chakula, na alianza mbali, na kiwanja. Akaeleza benki inataka nini na kwa nini. Mama alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Aliuliza kama benki huwa wanarudisha. Mume wangu akamwambia wanakiangalia, wanatoa nakala, wanarudisha siku hiyohiyo. Akauliza tena nyumba tunajenga wapi. Tukamwambia Kasulu, upande wa chuo.

"Basi hamrudi," akasema.

Alisema bila kulaumu. Alisimama, akatoa ufunguo kwenye fundo la kitenge, akatupeleka kwenye chumba cha kona na kukifungua. Kilikuwa kitupu na safi. Pazia langu la maua ya njano lilikuwa dirishani, limefuliwa hadi maua yamepauka. Jiko langu la kwanza la mkaa lilikuwa pembeni, juu ya gunia, na mkeka tuliouacha ulikuwa umekunjwa na kusimamishwa ukutani. Mume wangu aliuliza kwa upole kama ni kwa sababu wapangaji wamekuwa adimu. Mama akasema wapangaji walikuja wengi, hata wa mashirika, wakati ule pesa yao ilikuwa nzuri. Vile vingine aliwapa. Hiki alisema kina wenyewe.

Nilikumbuka lile neno langu la kuagana. Nilikuwa nimeliacha hapo mlangoni nikaenda zangu, na yeye alikuwa amelichukua kama lilivyo, akalifagilia na kulifulia pazia miaka yote hiyo. Nilimwomba radhi. Alinipiga begani kidogo na kusema tulale humo, godoro atatuazima.

Asubuhi alirudi kutoka kanisani akamwambia mume wangu aitungue fremu. Mume wangu aliilaza mezani juu ya kanga, akang'oa misumari ya nyuma mmoja mmoja. Ubao wa nyuma ulitoka vizuri. Karatasi haikutoka. Bati lilikuwa limewahi kuvuja, maji yakaingia kwenye kioo, na kona ya chini kulia ilikuwa imegandana nacho. Mume wangu hakuivuta. Alibandika birika jikoni, akakishika kioo juu ya mvuke mbali kiasi, muda mrefu, akijaribu kwa ncha ya wembe. Mama alisimama nyuma yetu. Hatimaye karatasi iliachia bila kuchanika, lakini wino wa pale chini ulikuwa umegawanyika, sehemu kwenye karatasi, sehemu kwenye kioo.

"Mimi nimetoka?" Mama aliuliza, maana hakuweza kuona vizuri.

Nilitaka kumwambia ndiyo. Nikashindwa kumdanganya. "Umetoka nusu, Mama," nikamwambia. "Nusu umebaki kwenye kioo."

Alikaa chini. Mume wangu, ambaye hajawahi kuharibu kazi ya mteja, alikuwa ameshika kile kioo kwa mikono miwili na jasho linamtoka. Nilifikiri pia kuhusu binti mwenye kalamu ya kijani, atasema nini akiona cheti chenye doa mahali pa shahidi. Nikampigia mwalimu mkuu wangu nikaomba ruhusa ya Jumatatu, nikamweleza kisa chote, na akanipa.

Jumatatu asubuhi tulikwenda bomani wote watatu. Afisa wa zamani alikuwa amehamishwa. Tulimkuta kijana mmoja ambaye alitusikiliza hadi mwisho, akafungua kabati, akatoa vitabu vya usajili wa ndoa, akapekua viwili vya kwanza bila mafanikio. Kwenye cha tatu alitupata. Pale palikuwa na nakala iliyobaki ofisini, ya siku ileile: sahihi yangu ya ujana iliyojaa mapambo, sahihi ya mume wangu iliyopinda, ya mwalimu mwenzangu, na dole la Mama, jeusi, zima, hadi mistari yake midogo. Kijana alimsomea majina yake yote matatu kwa sauti. Mama aliitikia kila moja kana kwamba ni darasani. Kisha akauliza kama anaruhusiwa kugusa. Kijana alimgeuzia kitabu.

Alituandalia nakala iliyothibitishwa, yenye muhuri na sahihi ya ofisi, akasema kwa benki hiyo inatosha, na kwamba waliopoteza vyeti hutumia hizohizo. Mume wangu akauliza mara mbili ili awe na hakika. Tulipotoka nje nilikuwa na karatasi mbili mkononi, mpya ya ofisi na ile yetu ya mvuke. Nilimpa Mama ile yetu. Alisita, akasema ni cheti chetu. Nikamwambia kikae kwake, kwetu kuna mchwa. Hilo lilikuwa kweli bado.

Kabla ya kuondoka, mume wangu alikwenda kwa seremala wa jirani akaazima msumeno na tupa, akaunga upya zile kona. Mimi nilikunja pazia langu la njano nikaliweka kwenye begi, nikamwambia Mama chumba akipangishe. Safari hii sikumwahidi kurudi. Nilimwambia tutakuja Juni, shule zikifungwa, na watoto, na tutalala popote atakapotuweka.

Binti wa benki aliipokea nakala bila neno, akatia alama yake ya kijani. Baada ya siku chache tulikwenda kwa wakili kwa ajili ya ile idhini ya mwenza. Wakili alimsomea mume wangu kila kifungu na kumuuliza kama anaelewa kwamba nyumba yenyewe ndiyo dhamana. Mume wangu alisema anaelewa. Alitia sahihi polepole, na niliona imenyooka kuliko ile ya kitabuni. Mkopo ulitoka, ingawa pungufu ya tulioomba, na fundi ilibidi afute baraza la mbele na chumba kimoja kwenye ramani. Milango na madirisha mume wangu alitengeneza mwenyewe.

Juni tulikwenda Kibondo kama tulivyosema. Chumba cha kona alikuwa amempa muuguzi mgeni kutoka Mtwara, na sisi tulilala sebuleni. Desemba, bati likiwa limepigwa lakini sakafu bado ni zege tupu, mume wangu alimfuata Mama akamleta Kasulu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulala nyumbani kwetu. Alizunguka akigusa kuta kwa kiganja, akauliza jua linatokea upande gani, akachagua alale huko. Alikaa nasi siku tisa. Alimfundisha binti yangu kuchambua maharage, akamlaumu fundi kwa choo kilichokaa karibu mno na jiko, na jioni alikaa na mama mkwe, aliyekuwa amekuja kumsalimia, wakiongea Kiha haraka hata mimi nikapotea. Siku ya kumi alisema kuku wake hawana mtu na maharage yanakaukia shambani. Tukamsindikiza stendi mapema, akiwa amevaa sweta langu, na gari lilipoondoka alikuwa tayari anaongea na aliyekaa jirani yake.